Avoka wa bure alifika pesa zikiwa zimeisha

Kwenye baraza ya tribinali ya amani, mahakama ya ngazi ya chini hapa Lubumbashi, Kongo, kijana aliyevaa toga iliyompwaya mabegani alikuwa akipita benchi baada ya benchi huku akilitaja jina la mtu. Mkononi alishika karatasi moja, imekunjwa mara mbili. Alipotufikia, jirani yangu alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akaitika: "Ni mutoto wangu, Maître. Mimi ndiye mama yake."

Kijana akamsalimia kwa heshima. Akamweleza kwamba yeye ni avoka, yaani wakili, ametumwa na baraza la mawakili kumtetea mtoto wake, na kwamba hakuna cha kulipa.

Nilitegemea kumwona mama akishusha pumzi. Hakushusha. Alimtazama yule kijana, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, kama avoka wa bure iko, juu ya nini hawakutuambia siku ya kwanza? Tunamupata sasa, na tumeisha kulipa watu wote."

Sikuwa na jibu, na yule kijana naye alinyamaza.

Nimeshinda na swali hilo wiki nyingi. Linanijia nikisahihisha madaftari, linanijia ndani ya taksibusi nikirudi kwetu Katuba. Ninaliandika hapa kwa sababu nimeona wazi kwamba haliwahusu watu wa avenue yetu peke yao.

## Pikipiki ya mtu

Kila mwenye ndugu manseba, dereva wa pikipiki ya abiria, anajua mambo yanavyokwenda, kwa hiyo sitaeleza sana. Pikipiki ni ya mtu mwingine. Kila jioni dereva anapeleka pesa ya siku kwa mwenye chombo, kinachobaki ndicho chake.

Usiku mmoja abiria wawili walimsimamisha mtoto wa jirani yangu, wakamfikisha mahali pasipo na taa, wakamwekea kisu shingoni. Alirudi nyumbani kwa miguu. Asubuhi alikwenda polisi kuripoti wizi, akaandikiwa karatasi. Kutoka hapo akaenda kwa mwenye pikipiki kumweleza yaliyompata. Alikwenda mwenyewe, bila kuitwa. Nalitaja kwa makusudi, maana katika makaratasi yote yaliyofuata hakuna aliyeliandika.

Siku chache baadaye walimchukua nyumbani, akipiga mswaki.

Kosa waliloliandika ni abus de confiance, yaani kufuja mali uliyoaminiwa. Kanuni ya adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 95 cha kitabu cha pili, inatoa kwa kosa hilo kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano. Kwa sababu adhabu haizidi miaka mitano, kesi za namna hii ziko mikononi mwa tribinali ya amani, ile ambayo mjini watu huiita Tripaix.

Alikaa kasho, yaani mahabusu ya polisi, akapelekwa parike, ofisi ya waendesha mashitaka, akapelekwa buloko, gerezani. Njia hiyo nzima aliipita bila avoka.

## Daftari la mama

Jirani yangu anauza makala, yaani mkaa, kwa vipimo, mbele ya nyumba yake. Ni mtu wa kuandika. Kila anayemkopesha yuko kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mtoto alipokamatwa, alilipindua daftari hilo na kuanza kuandika upya kutokea nyuma.

Nilimwomba nilitazame. Alinipa bila neno.

"Ya mulango. Ya kumuona. Chakula. Ya karatasi. Chakula. Ya shefu. Transport ya parike. Chakula. Ya karatasi tena." Kurasa mbili na nusu za mistari hiyo, kila mstari na kiasi chake kwa falanga, na mahali fulani katikati wino unabadilika kutoka buluu kwenda mwekundu kwa sababu bik ilikwisha. Chini kabisa ameandika magunia aliyoyauza kwa hasara ili apate pesa ya haraka. Katika malipo hayo yote, ukiondoa chakula, hakuna risiti hata moja.

Nilipofika nyumbani nilichukua Katiba ya 2006 nikaisoma tena, vifungu vitatu ambavyo huwafundisha watoto darasani. Kifungu cha 17 kinasema uhuru ndio kanuni na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na kwamba aliyeko kasho ana haki ya kuwasiliana papo hapo na familia yake au mtetezi wake. Tena kinasema hawezi kukaa humo zaidi ya saa 48: zikifika, aachiliwe au afikishwe mbele ya mkubwa wa sheria anayehusika. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua katika kila hatua ya kesi ya jinai, na kinataja kwa maneno wazi uchunguzi wa polisi.

Uchunguzi wa polisi. Yaani saa ya kwanza, mbele ya OPJ, ofisa wa polisi anayechunguza, kabla hajaandika mstari wa kwanza wa PV, ile karatasi ya mahojiano.

Huko ndiko Katiba inamweka mtetezi. Sisi tulimkuta kwenye baraza la mahakama, mwisho wa njia, baada ya kurasa mbili na nusu.

Kati ya sehemu hizo mbili ndipo kesi ya maskini inapoamuliwa. PV huandikwa kwa Kifaransa. Anayeulizwa anajibu kwa Kiswahili, ana njaa, hajalala, na anaambiwa asaini ili mambo yaende haraka. Hakimu atakaposoma faili wiki nyingi baadaye, atakachokikuta ni maneno ya siku ile. Avoka aliyekuja mwishoni, hata awe hodari namna gani, anaanza kwa kupigana na saini ya mteja wake.

Kisha kuna mambo madogo ambayo mtu wa sheria angeyasema kwa dakika tano, na dakika hizo tano zingeokoa magunia. Mfano ni dhamana, ile ambayo wengi wetu tunaiita kosyo. Jirani yangu aliamini ni bei ya kumtoa mtu, ukitoa imekwenda. Sheria yetu ya mwenendo wa jinai, dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, inaichukulia kama rehani: hulipwa mahali rasmi, na hurudishwa ikiwa mshitakiwa amehudhuria kila alipoitwa. Sheria hiyohiyo inasema mandato ya kwanza ya parike, yaani hati ya kumzuia mtu, ina siku tano tu za kumfikisha mtu mbele ya hakimu, kwamba hakimu akikubali azuiliwe, ruhusa ya kwanza ni ya siku 15, na kwamba mbele ya hakimu huyo anaweza kusimama na mtetezi. Hakuna aliyemwambia mama kwamba kulikuwa na siku kama hiyo. Ilipita yeye yuko sokoni akitafuta mteja wa makala.

## "Aliripoti wizi?"

Turudi kwa yule kijana wa toga, maana nataka kumtendea haki.

Aliketi kwenye benchi kando ya mama na kumuuliza maswali kwa sauti ya chini. Swali la tatu au la nne lilikuwa hili: "Mama, alipoibiwa, aliripoti?"

"Aliripoti."

"Walimpa karatasi?"

"Walimupa."

"Iko wapi?"

"Iko nyumbani. Niliiweka ndani ya Biblia."

Kijana akafumba macho kidogo. Karatasi ile ilikuwa Katuba, katikati ya Zaburi, tangu siku ya kwanza. Mtu wa abus de confiance ni yule aliyechukua mali ya mwenzake kwa hila akaitumia au akaiuza kinyume na walivyopatana. Aliyeporwa kwa kisu hakufanya hila yoyote. Karatasi ile, yenye tarehe na muhuri, ikitangulia malalamiko ya mwenye pikipiki, ilikuwa nusu ya utetezi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama iko, na mama hakujua kwamba ina thamani. Kwake yeye ilikuwa karatasi ya kuhifadhi kama zile za kliniki.

Jina lilipoitwa, kijana alisimama na kuomba kesi iahirishwe ili apate muda wa kusoma faili. Hakimu akakubali. Mtoto akarudishwa buloko.

Mama alilia kwa hasira. Nami nilikuwa na mashaka, sitaficha. Mtu asiyelipwa, akiomba kesi iahirishwe, unajuaje kama anatetea au anajiondolea mzigo wa siku? Mitaani wanasema avoka wa bure, kesi ya bure. Na wanasema mnyonge hana haki. Misemo hiyo ilikuwa ikinipigia kelele kichwani wakati namfuata yule kijana nje.

Alinijibu bila kukwepa. Yuko katika stage, ile miaka miwili ya mafunzo kabla ya kuandikwa kwenye orodha kubwa ya mawakili. Kesi za pro deo, yaani za bure, huwaangukia zaidi watu kama yeye. Asubuhi ile alikuwa na mafaili kadhaa, na faili la mtoto wetu alilipata asubuhi hiyohiyo. Nauli kutoka kwake hadi mahakamani na hadi gerezani anajitolea mwenyewe. "Ningesema leo," akaniambia, "ningesema bila karatasi iliyo ndani ya Biblia. Bora alale tena wiki mbili kuliko ahukumiwe bila karatasi ile."

Nimeligeuza jibu hilo kila upande na nimeshindwa kulipinga. Wiki mbili za buloko ni nyingi mno. Mji huu unajua gereza ni nini: mwaka 2020, mwezi wa Septemba, ghasia zilipozuka katika gereza la Kasapa, wanawake waliofungwa humo walibakwa kwa siku kadhaa mfululizo, na wengi wa wanaojaa katika magereza ya Kongo ni watu ambao kesi zao hazijahukumiwa. Kuomba wiki mbili ndani ya hali hiyo ni jambo zito. Lakini uzito ule haukutoka kwa kijana. Aliukuta.

## Sheria ya 1979

Sheria tunayoitegemea ni ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, ile iliyopanga kazi ya mawakili na ya watetezi wa mahakama, défenseurs judiciaires. Inaliagiza baraza la mawakili kuwasaidia watu ambao kipato chao hakitoshi, kwa kufungua biro ya mashauri ya bure. Ndiyo ile wanayoiita BCG. Kwa hiyo jibu la swali la jirani yangu, kwa karatasi, ni kwamba avoka wa bure yuko tangu kabla mtoto wake hajazaliwa.

Ukiuliza watu kumi wa soko letu BCG ni nini, sidhani utapata mmoja.

Kuna pia karatasi ya komini (manispaa), ya huduma ya mambo ya kijamii, inayothibitisha kwamba mtu hana uwezo, ili asilipishwe gharama za mahakama. Nilimshauri mama aiombe. Aliniuliza: "Niende kuandikisha umaskini wangu, mwalimu?" Katika mji ambao mtu anaweza kulala njaa Jumamosi na Jumapili akaenda misani amepiga pasi, naelewa aibu ile. Hatimaye alikwenda. Alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote.

## Mwenye pikipiki

Jambo lililonigeuza kabisa lilikuja nisikolitegemea.

Muda wote huo nilikuwa nimemchora mwenye pikipiki kichwani: mwanaume mwenye pikipiki nyingi, mwenye simu ya mkubwa fulani, anayetumia polisi kama watumishi wake. Nikaamua kumtafuta, nione kama anaweza kulegeza. Nilielekezwa soko la Kenya, komini ya mji wetu, kwenye safu ya samaki.

Nilimkuta mama wa umri wangu, ameketi nyuma ya rundo la samaki wakavu, akipunga nzi kwa kipande cha katoni.

Pikipiki ile ilikuwa moja tu. Aliinunua zamu yake ya likelemba (upatu) ilipofika, akaongeza mkopo ambao mpaka leo anaulipa. Nilipomwambia nimetoka kwa familia ya dereva, hakupandisha sauti. Alisema: "Mimi sikutaka alale buloko. Nilitaka pikipiki yangu, au pesa yangu. Ningeenda wapi? Polisi ndipo mahali nilipojua."

Nikamuuliza kama aliwahi kuongea na mtu wa sheria. Akacheka bila furaha. Avoka anaomba pesa ya kufungua faili. Kumshitaki mtu kwa njia ya kiraia kunataka pesa ya kuweka kwenye greffe, ofisi ya karani wa mahakama, na pesa ya kumtuma huissier, mjumbe wa mahakama, kupeleka makaratasi. Polisi walimwomba transport tu. Kisha wakaomba tena. Kisha ya karatasi.

Alikuwa akinisomea daftari la jirani yangu, mstari kwa mstari, bila kujua kwamba daftari hilo lipo.

Wanawake wawili, mmoja wa makala na mmoja wa samaki, hawakuwa na uadui, na wote wawili wamelipa mkono uleule. Wa kwanza alilipa ili mtoto atoke, wa pili alilipa ili aingie. Pikipiki haikupatikana. Pesa hazikurudi kwa yeyote kati yao.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba msaada wa kisheria wa bure ni kitu cha mshitakiwa: kuna mkubwa anayeonea na mdogo anayeonewa, mpe mdogo avoka, mizani ikae sawa. Hapa mdogo alikuwa pande zote mbili. Anayemdai mwenzake, akiwa hana pesa ya kesi ya kiraia, anageuza deni kuwa jinai kwa sababu mlango wa jinai ndio ulio wazi na unaonekana rahisi. Hapo ndipo abus de confiance na escroquerie, yaani utapeli, zinapojaza makasho yetu, kwa mambo ambayo ndani yake ni kodi ya nyumba, mkopo wa likelemba, simu iliyonunuliwa kidogokidogo, pikipiki iliyoporwa.

Na sheria haikutaka hivyo. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza alichoahidi katika mapatano. Deni hudaiwa, kwa njia ya deni.

Kama yule mama wa samaki angepata mtu wa kumsikiliza nusu saa siku ile aliyopewa habari ya wizi, angeulizwa yaleyale: aliripoti? karatasi iko wapi? mlipatana nini juu ya hasara? Angeambiwa kwamba kumfunga dereva ni kumzuia mtu pekee anayeweza kumlipa. Huenda wangekaa chini wakaandikiana. Mtoto asingelala kasho hata usiku mmoja.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia watu wanaomba mawakili zaidi wa pro deo mahakamani, naunga mkono, lakini moyo wangu uko kwingine. Uko kwa yule ambaye bado hajaenda polisi.

## Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa

Majirani zetu wamelishika jambo hili kwa namna tofauti. Malawi, mwaka 2000, walianza kuwaingiza magerezani watu waliofundishwa sheria ya msingi bila kuwa mawakili, baadaye hata kwenye vituo vya polisi, kuwaeleza waliofungwa kesi zao ziko wapi na wafanye nini. Ni Lilongwe huko huko, mwaka 2004, lilikotolewa azimio la Afrika juu ya msaada wa kisheria katika mambo ya jinai, na azimio hilo linakubali kwamba mawakili peke yao hawatatosha. Nchi ya Kenya walitunga sheria yao ya msaada wa kisheria mwaka 2016, Tanzania mwaka 2017. Zambia, ambako watu wa Lubumbashi huenda na kurudi kwa unga na nguo, walipitisha yao mwaka 2021, na imewapa watu wa namna hiyo, parajiristi, nafasi yao kisheria.

Nikiwaza parajiristi mmoja katika kila kasho ya mji huu, Katuba, Kampemba, Ruashi, Kenya, roho inanituma kusema ndiyo mara moja.

Kisha wasiwasi unaingia. Tumeona makomisyonere wanaozunguka kila ofisi, wanaojiita wasaidizi na kuchukua chao. Ukimweka kijana asiye na mshahara mlangoni mwa kasho, mahali ambapo kila anayepita anaombwa kitu, atakaa muda gani kabla hajawa mstari mwingine kwenye daftari la mama? Nimewauliza marafiki wanaofanya kazi ya haki za binadamu, na wenye ukweli wananiambia wamewahi kuliona likitokea.

Sina dawa kamili. Nina mambo ambayo nadhani yangepunguza hatari: parajiristi awe chini ya BCG, aandikwe kwenye orodha, apewe angalau nauli, na jina lake libandikwe ukutani kwa Kiswahili pamoja na maneno kwamba halipwi na mtu yeyote anayemhudumia. Na kando ya jina hilo, yabandikwe maneno ya kifungu cha 18. Karatasi mbili ukutani. Hata parajiristi asipokuwepo siku hiyo, mama anayesubiri pale ataweza kusoma kwamba mtoto wake ana haki ya kumwita mtetezi, na kwamba saa zinahesabiwa.

Wapo watakaosema polisi watazichana. Zibandikwe tena.

## Jumamosi

Karatasi ya Biblia ilifika mahakamani. Katika kikao kilichofuata yule kijana aliiweka mezani, akaomba mtoto atoke akiendelea kuhukumiwa, na hakimu akampa uhuru wa muda. Dhamana iliwekwa greffe, na safari hii mama alitoka na risiti. Ameibandika kwa gundi ndani ya daftari, ukurasa wake peke yake. Kesi yenyewe haijaisha. Mama wa samaki alisema yuko tayari kuondoa malalamiko, tukaelezwa kwamba kosa la namna hii likishafika parike, kuondoa kwake peke yake hakufungi faili. Hilo nalo angelijua mapema, asingelianzisha.

Nilimwomba yule kijana, Maître wetu, kitu kimoja: aje kwenye avenue yetu Jumamosi alasiri, akae tu na watu. Alikuja na mwenzake wa stage. Shefu wa kartie (mtaa) alitupa viti na kivuli cha ofisi yake. Sharti letu lilikuwa moja, na nililitangaza kwa sauti: hapa hakuna anayetoa hata falanga mia, wala soda.

Nilidhani watakuja wenye watu buloko. Walikuja, ndiyo. Alikuja pia mjane ambaye wakwe wanamwambia atoke kwenye parseli, yaani kiwanja chao, akaambiwa kwamba Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na yeye inamwachia haki ya kuendelea kuishi katika nyumba aliyokaa na mumewe. Aliomba aandikiwe namba ya sheria hiyo kwenye kiganja. Tulimtafutia karatasi.

Lakini aliyewatangulia wote, kabla hata viti havijapangwa, alikuwa mzee mmoja mwenye nyumba, jirani wa upande wa pili. Mpangaji wake ana miezi haijalipwa. Mzee alikuwa amekwisha kuandaa pesa ya transport ya polisi, iko mfukoni, akataka kwanza kusikia kama inafaa.

"Papa, hiyo pesa ibaki mfukoni," Maître akamwambia. Akamfafanulia sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga: mgogoro wa namna hii huanzia kwenye huduma ya makazi ya komini, ambako mwenye nyumba na mpangaji husikilizwa pamoja na kutafutiwa mapatano, na wakishindwa ndipo waende mahakamani. Akamuuliza kama mpangaji alitoa garanti, yaani amana ya kodi, alipoingia. Mzee akasema ndiyo, ya miezi sita. Akaambiwa sheria inaruhusu miezi mitatu tu kwa nyumba ya kukaa.

Mzee akakaa kimya, akihesabu kwa vidole. Kisha akauliza komini wanafungua saa ngapi Jumatatu.